Udongo wa Februari

Nanyuki,
4 Februari 2024

Mjomba Dawud,

Assalamu alaikum. Shikamoo.

Nakuandikia barua ya karatasi kwa sababu simu imetushinda. Wiki iliyopita nilikupigia mara tatu kuhusu msingi wa nyumba ya Mama. Mara zote tatu uliniambia "eeh, nimesikia," na mara zote tatu Mama akaniambia jioni kwamba ulikuwa unamuuliza yeye mimi nilikuwa nasema nini. Najua sikio lako la kushoto liliharibiwa na mashine za zege. La kulia nadhani umeamua tu kulifunga. Barua hii naiacha ofisi ya vifurushi hapa stendi, utaipata kesho mchana upande wa Nyeri.

Jambo lenyewe si refu. Mama anasema mmeanza kuchimba kule Ruring'u, na kwamba umesema futi mbili na nusu zinatosha hata kwa nyumba ya orofa kwa sababu udongo ni mgumu. Mjomba, udongo wa Februari ni mgumu kila mahali. Haujaona mvua tangu Desemba.

Kazi yangu hapa maabara ni hiyo kila siku: napima udongo ukiwa mkavu, naulowesha, kisha naupima tena. Udongo wetu mwekundu ukikauka hushikana kwa sababu ya maji machache yaliyobaki katikati ya chembe zake. Hayo machache ndiyo yanayozivuta chembe zikae pamoja. Maji yakizidi, ule mvuto unaisha na chembe zinaanza kuteleza. Ni kama Mama akikanda unga wa chapati: maji kidogo unashikana, ukizidisha unapata uji. Nyumba utaijenga juu ya udongo wa Februari, lakini Mama ataishi juu ya udongo wa Aprili.

Naomba jambo moja tu. Chukua bonge la udongo kutoka chini kabisa ya mtaro, kona ya chini, ile inayotazama bondeni. Lifunge kwa plastiki lisikauke zaidi, unitumie. Na usimwage zege kabla sijakujibu.

Mpwa wako,
Aaliya


Majengo, Nyeri
9 Februari 2024

Aaliya,

Wa alaikum salaam. Marahaba.

Barua nimeipata. Nimeisoma mara mbili, na ya pili ni kwa sababu ya kwanza sikuamini. Ati nyumba na chapati.

Mimi niko na miaka thelathini na nane kwa hii kazi. Nimejenga Ruring'u, nimejenga Kiganjo, nimejenga mpaka Karatina, na hakuna ukuta wangu umelala chini. Wewe nilikuwa nakubeba na wilbaro juu ya mchanga ukinililia nikusukume tena. Leo unanifundisha maana ya udongo. Sikasiriki, lakini nimechoka kidogo.

Sikia. Sululu inaruka. Theuri, unamjua, yule msaidizi wangu, amevunja mpini wa pili juzi. Udongo unaovunja mpini wa sululu unapimwa kwa nini? Siku mama yako alitaka kununua hii ploti alikuja na mimi. Nikakanyaga hapo na mguu wangu nikamwambia, Zabibu, hapa ni jiwe, nunua. Alininunulia hata soda. Mhandisi aliyepiga muhuri kwa ramani ameandika futi mbili na nusu. Hakufika hapa hata siku moja, lakini ameandika. Sasa nimsikize mhandisi, ama mguu wangu, ama unga?

Kwa kuwa mama yako hanipi amani kila akileta chai, nimekutumia hilo bonge. Liko ndani ya mkebe wa majani ya chai. Pima, uridhike, tuendelee na kazi.

Dawud


Nanyuki,
14 Februari 2024

Mjomba,

Asante kwa bonge. Nimelikata vipande viwili. Kimoja nimekipima kilivyo, na kweli ni kigumu, wewe na Theuri hamkudanganya. Cha pili nimekiloweka siku nne nzima, ndipo nikakipima. Kimepoteza zaidi ya nusu ya nguvu zake. Hata hivyo zile zilizobaki zinatosha kubeba nyumba ya orofa, mradi uongeze futi moja kwenda chini na mradi kona zote nne ziwe na udongo wa namna hii.

Hapo ndipo penye swali langu, na naomba ulijibu kwa sentensi moja: hili bonge limetoka kona ya chini? Mkebe haukuandikwa kitu.

Halafu paa likipanda, usiache maji yake yamwagike kando ya ukuta. Yapeleke mbali kwa mfereji. Nyumba nyingi tunazoitwa kuzitazama hazikuharibiwa na mvua ya juu. Ziliharibiwa na maji ya paa lao lenyewe, yakidondoka mahali pamoja kila siku.

Aaliya


Majengo
2 Machi 2024

Aaliya,

Zege la msingi tulimwaga tarehe ishirini na nne. Umesema mwenyewe kwa mkono wako kwamba lile bonge linatosha. Basi hiyo maneno imeisha.

Ati limetoka kona gani. Limetoka kwa ploti ya mama yako. Kwani ploti moja iko na udongo wa aina ngapi?

Futi sikuongeza. Mawe yalikuwa yamefika na watu wamesimama. Kuta zinapanda vizuri, zimenyooka, njoo na timazi yako upime kama huamini. Ramadhani inaingia baada ya siku kama kumi na sitaki kubishana nikiwa nimefunga. Ukitaka kuniandikia, niandikie salamu.

Dawud


Nyeri,
16 Aprili 2024

Mwanangu Aaliya,

Idi imepita hukuja. Ulisema una kazi, nami nikawaambia wageni kwamba tangu upandishwe cheo na kuwekwa ndani ya maabara huna nafasi hata ya kupumua. Shangazi zako walifurahi sana. Nimekuwekea kaimati na viazi karai kwenye hiki kifurushi, ule kabla hazijalala.

Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu mjomba wako yuko hapa mjengoni siku nzima, na sauti yangu unaijua, haifichiki.

Mvua ya mwaka huu sijapata kuiona. Inaanza saa nane mchana na haiachi. Kuta zimefika juu na mbao za kumwagia slabu, ile sakafu ya orofa, zimepangwa. Kwenye kile chumba cha kona ya chini tumetia mlango wa muda ili kiwe stoo ya simiti, na mimi hupika chakula cha mafundi pale pembeni yake, ukuta unanikinga na upepo. Sasa huo mlango umeanza ukaidi. Mara ya kwanza ulikataa kufunga, Dawud akaupiga randa. Baada ya siku tano ukakataa tena, akaupiga tena. Jana umekataa. Nikamuuliza mlango gani huu unanenepa kila wiki, akaniambia mbao hunywa maji. Juu ya mlango kuna ufa, umepanda kwa ngazi ngazi ukifuata maungio ya mawe, juu mpana kuliko chini. Aliuziba kwa plasta Jumatatu, Jumatano ukarudi. Akaniambia ni simiti inakauka. Mimi ni mshonaji wa sare za shule, sijui simiti hukauka vipi kwenye mvua.

Tulivyozoeana na jirani wa ng'ambo ya ua, Mama Kagure, sasa sina upweke. Jana ameniambia kitu cha kuchekesha. Ati wakati barabara ya hapa inatengenezwa, miaka mingi iliyopita, walichimba murram ya kumwaga barabarani hapa chini ya ploti yangu, pakabaki shimo kubwa, watoto wake wakawa wanakuja kushika vyura. Baadaye likajazwa na watu kwa takataka na udongo wa kuokoteza. Nilimwambia Dawud tukacheka wote. Yeye hakucheka sana, nadhani ni uchovu.

Slabu inamwagwa Alhamisi ijayo, tarehe ishirini na tano. Watu thelathini watakuja, nitapika pilau. Jaribu kuja, mwanangu. Nyumba ya kwanza maishani mwangu isiyokuwa ya kupanga.

Mama yako,
Zabibu


Nanyuki,
18 Aprili 2024

Mjomba,

Sina salamu ndefu leo.

Mama ameniandikia. Hakujua anachoniandikia, lakini mimi nimejua. Mlango haunenepi. Kona ya chini inazama na kuuburuta mlango. Ndiyo maana ufa ni mpana juu kuliko chini: chumba kile kinajitenga na nyumba yote na kuelekea bondeni. Na chini yake kuna shimo la murram lililojazwa takataka.

Kifusi kilichotupwa kikavu bila kushindiliwa kinaweza kusimama miaka kumi ukidhani ni ardhi. Kikipata maji kinajikunja. Hakihitaji hata mzigo mkubwa. Sasa hivi kinabeba kuta peke yake na tayari kimeshindwa. Wewe unataka kukiongezea slabu nzima ya zege bichi, na watu thelathini juu yake, na Mama yangu akipika pilau chini.

Nimempigia Mama nikamwambia asikae karibu na ukuta ule. Amesema nisimtie hofu, kaka yake amejenga miaka thelathini na nane. Umeona unachofanya na hiyo miaka?

Ahirisha slabu. Nakuomba ujibu kwa neno moja.

Aaliya


Majengo
20 Aprili 2024

Aaliya,

Neno moja ni hapana.

Mashine ya zege imekodishwa, watu wameitwa, kokoto iko barabarani na watu wa kaunti wametaka iondolewe. Slabu ni Alhamisi. Mama Kagure ni mzee, anachanganya ploti na ploti.

Na sikia vizuri. Ukija hapa na vyuma vyako kunipima mbele ya mafundi wangu, mimi nitaweka mwiko chini na kuondoka, na nyumba utamalizia mama yako kwa barua. Nimekulea. Sikukulea unidharau.

D.


Nanyuki,
22 Aprili 2024

Mjomba Dawud,

Shikamoo.

Nilikuja jana Jumapili mkiwa hamko kazini. Sikumwambia Mama. Nilichimba kidogo nje ya kona ya chini, kina cha mkono wangu. Ule udongo nilipouminya ulitoka maji katikati ya vidole. Niliusukuma kwa kidole gumba, kikaingia chote. Kuna kipande cha gunia la mbolea kilichooza, na soli ya kiatu cha mtoto. Halafu nikaenda kona ya juu nikafanya vivyo hivyo, na pale kidole hakikuingia hata kucha. Bonge ulilonitumia Februari lilitoka kona ya juu. Sikuulizi tena. Najua.

Wala sikuandikii kugombana. Kuna kitu sijamwambia mtu yeyote wa nyumbani, na nakuambia wewe kwanza kwa sababu umesema nakudharau.

Mimi sikupandishwa cheo. Mwaka jana mwezi wa pili nilitumwa Kiriaini kupima mahali pa kujenga ukuta wa kuzuia udongo nyuma ya nyumba ya mwenye duka mmoja. Nilichukua udongo, ulikuwa mkavu na mgumu kama huu wenu. Utaratibu ni kuuloweka siku nne kabla ya kuupima. Mwenye kazi alikuwa na haraka, akinipigia simu kila saa, na mimi nilikuwa nimechoka na nilitaka majibu yatoke kabla ya Ijumaa. Sikuuloweka. Niliandika namba za udongo mkavu, nikatia sahihi.

Ukuta ulijengwa Machi. Mwisho wa Aprili ulilala. Fundi mmoja alikuwa chini yake akipanga mawe yaliyobaki. Anaitwa Moffat. Walimkata mguu juu ya goti. Nilienda kumwona hospitalini, na unajua aliniambia nini? Aliniambia, "Madamu, kwani ile karatasi yako haikusema?" Hakuwa anagombana. Alikuwa anauliza tu, alitaka kujua.

Baada ya hapo waliniondoa kazi za nje na kuniweka maabara niwe naloweka udongo wa wenzangu. Ndicho hicho cheo. Sikuja Idi kwa sababu siwezi kukaa kwenye mkeka Mama akinisifu kwa wageni.

Kwa hiyo Mjomba, sikuandikii kwa sababu nimesoma nawe hujasoma. Nilikuwa na hiyo elimu Kiriaini na sikuitumia. Nakuandikia kwa sababu namjua mtu anayejua ukweli na kuufunika kwa kuwa watu wamesimama wakimngoja. Nimekuwa mtu huyo.

Sitakuja Alhamisi. Sitakuaibisha mbele ya mafundi wako. Uamuzi ni wako, na Mama yuko chini ya ule ukuta.

Aaliya


Majengo
26 Aprili 2024

Mwanangu Aaliya,

Barua yako ilifika Jumanne. Niliiweka mfukoni, Jumatano nikazunguka nayo.

Jana Alhamisi mvua ilikuwa imeacha tangu alfajiri. Mashine ilikuja saa moja, watu wakaja, mama yako akawasha moto pale pale pembeni ya stoo. Nilimwambia ahamie juu kwa lango. Akasema huko kuna upepo. Nikamwambia tena. Akaniuliza, "Dawud, leo una nini?"

Kijana wa mashine akaniuliza tuanze. Mimi nikaokota nondo moja iliyobaki, nikaenda nyuma ya kona ya chini mahali ambapo watu hawanioni. Nikaisimamisha na kuisukuma kwa mkono. Sikuipiga nyundo, Aaliya. Niliisukuma tu kwa uzito wa mkono. Iliingia urefu wa mkono wangu mzima, mpaka kwapani. Nikaivuta, ikatoka na maji meusi.

Nikasikia mtu nyuma yangu. Ni Theuri. Akaniambia taratibu, "Mzee, hata ile siku nilikuambia."

Sasa nikueleze hiyo siku. Tarehe saba Februari tulikuwa tunachimba kona ya chini. Juu ilikuwa ngumu kama kwingine, mpini ulivunjika kweli. Tukifika futi mbili sululu ikaanza kuingia vizuri, nikafurahi. Halafu ikatoka plastiki. Ikatoka chupa, ikatoka matambara. Theuri akasema, "Mzee, hapa ni shimo la takataka, tuchimbe mpaka liishe." Nikamwambia amwage kokoto juu, ashindilie, anyamaze. Siku mbili baadaye nikakuandikia wewe juu ya sululu.

Nilijua. Sikuwa sijui. Nataka hiyo uielewe, kwa sababu mama yako atasema mjomba wako ni mkaidi tu. Niliona zile plastiki na kitu cha kwanza kilichokuja kwa kichwa changu ni ile soda alininunulia. Mimi ndiye nilimwambia ni jiwe. Alishona sare miaka ishirini na sita kwa chumba cha kupanga, akanunua mahali nilipokanyaga. Nitamwambia nini? Nikasema pengine haitazama. Mlango ulipokataa nikaupiga randa. Kila nikiupiga randa nilijua ninachofanya.

Nikarudi mbele nikawaambia watu warudi nyumbani, hakuna slabu. Kijana wa mashine alipiga kelele, mafundi wakauliza kama nimeugua. Nikawaambia nimekosea msingi. Sijawahi kusema hayo maneno tangu nishike mwiko. Wengine walicheka. Wawili nimewafundisha mimi kazi, hao ndio walicheka zaidi. Theuri hakucheka, alianza kutoa mbao za slabu bila kuambiwa.

Mama yako alikuwa amesimama na mwiko wa pilau. Nikamwambia yote pale pale. Aligawia watu pilau, akafunika sufuria, akaenda nyumbani. Leo hajaleta chai.

Barua yako sikumwonyesha. Hiyo ni yako kumwambia. Lakini huyo Moffat wa Kiriaini, ukienda kumwona tena, niambie twende wote.

Mjomba wako,
Dawud


Nyeri,
12 Mei 2024

Dawud na Aaliya,

Nimeandika barua hii mara mbili kwa mkono wangu, moja kila mtu, ili asiwepo wa kusema hakupata.

Aaliya, Jumapili iliyopita ulinipigia ukanieleza habari ya Kiriaini, ukalia, na mimi nikakupa pole. Ile pole ilikuwa ya kweli. Lakini nilipokata simu nilikaa na kufikiri, na nilivyozidi kufikiri ndivyo nilivyozidi kukasirika.

Tangu Februari ninyi wawili mmekuwa mkiandikiana barua juu ya nyumba yangu. Mmoja anaficha shimo, mwingine anaficha mguu wa mtu. Mmoja ananiambia mbao hunywa maji. Mwingine anakuja mpaka kwa ploti yangu Jumapili, anachimba udongo wangu, anarudi Nanyuki bila hata kunisalimia. Na hizo barua zote hakuna hata moja iliyoniuliza: Zabibu, unataka nini? Mimi ndiye niliyekuwa napika chini ya huo ukuta. Kama Mama Kagure hangenipigia hadithi ya vyura, leo ningekuwa wapi?

Ninyi mnadhani nisingeweza kuvumilia kuambiwa. Nimemzika mume nikiwa na miaka thelathini na moja. Shimo la takataka ndilo lingenishinda?

Sasa mtanisikiza. Bwana Griffins, mkuu wa Aaliya, alikuja jana na chombo chake cha kutoboa ardhi, na nimesimama naye mwanzo mpaka mwisho nikimuuliza kila kitu. Amenieleza vizuri, na hakunitajia chapati. Shimo linaingia chini ya chumba cha kona peke yake na kipande cha ukumbi. Kina chake ni futi kumi na moja, na chini yake kuna maji. Vyumba vingine viwili na jikoni vimekaa juu ya udongo mzima.

Niliyoamua ni haya. Chumba cha kona kibomolewe chote, jiwe kwa jiwe, na ukuta mpya ujengwe pale ambapo udongo mzima unaanzia, kwa kina atakachosema Bwana Griffins kwa maandishi, si kwa mguu wa mtu. Orofa sitaki tena. Nitaezeka mabati. Maji ya paa yaende kwa mfereji mpaka chini bondeni. Dawud atafanya hiyo kazi yeye mwenyewe. Simfukuzi, kwa sababu nikimleta fundi mwingine sina njia ya kujua anachofunika, na huyu sasa namjua. Aaliya atakuja kila Jumamosi kutazama, na atalala kwangu.

Hapo shimo lilipo nitapanda nduma. Ardhi inayopenda maji hivyo nitaipa kitu kinachopenda maji.

Sina hasira tena kama ya juzi, lakini bado ipo. Mkija msinichekee chekee.

Zabibu


Majengo
28 Julai 2024

Aaliya,

Wa alaikum salaam. Mama yako sasa amehamia, kama ulivyojionea. Nyumba ni vyumba viwili, jikoni na ukumbi mfupi, na kwa barabara watu wanaipita bila kuitazama. Nilitaka kuwa na jina pale Ruring'u kwa nyumba ya orofa. Nimepata jina lingine. Mafundi wa stendi wananiita Mzee wa Plastiki. Nimezoea, ama nitazoea.

Nilibomoa kile chumba kwa wiki tatu. Ni kazi mbaya kubomoa ukuta uliounyoosha mwenyewe. Baada ya siku ya tano mama yako alianza kuleta chai tena, lakini anaiweka chini na kuondoka. Wiki iliyopita alikaa mpaka kikombe kikaisha.

Kuhusu Moffat, nashukuru ulinipeleka. Nimefikiri sana juu ya maneno yake kwamba anaweza kukata mawe akiwa ameketi. Nimemwambia Theuri amtengenezee benchi ya urefu unaofaa, na akija Agosti nitamweka kwa kikosi changu. Sijui kama atakuja. Alisema atafikiri.

Sasa nakuandikia juu ya kitu kingine, na kimenikasirisha wiki nzima.

Kuna askari anaitwa Dishon, mtu wa Siaya, anafundisha kule chuo cha polisi Kiganjo. Amenunua ploti karibu na mto na anataka nimjengee. Nilienda kuiona. Nyasi zake ni kijani wakati kwingine zimeanza kukauka. Nikamwambia, bwana, kabla sijashika jembe nataka udongo upimwe, uchimbwe kona zote nne, ulowekwe siku nne. Akanitazama kama mtu aliyesimama na mwendawazimu. Akaniambia, "Mzee, huu udongo ni kama simiti, hebu kanyaga." Akakanyaga na hiyo buti yake ya kazi. Akaniambia nikanyage na mimi. Nikakataa kukanyaga.

Nimemwambia mara nne. Mara ya kwanza alicheka. Mara ya pili akasema nimezeeka na naogopa kazi. Mara ya tatu nikamweleza ile maneno ya chembe na maji machache yaliyo katikati yake, nikaichanganya kidogo, akasema hata yeye hakuelewa na yeye ni mwalimu. Mara ya nne nilimpigia simu. Alikuwa anasema "eeh, eeh," na nikajua kabisa hanisikizi. Sasa ametafuta fundi mwingine aanze mwezi wa nane wakati ardhi ni ngumu. Yuko na mke na watoto watatu. Sijui watu wakoje, Aaliya. Unamwambia mtu kitu wazi, cha faida yake mwenyewe, na anakutazama mdomo.

Naomba umwandikie. Anwani yake nimeiweka nyuma ya karatasi hii. Mweleze vizuri, kwa namba, na umwambie pia habari ya Kiriaini na ya kona ya chini, jina langu ulitaje usilifiche. Na utumie maneno makali kidogo. Yale uliyonitumia mimi Februari yalikuwa na adabu mno.

Mjomba wako,
Dawud